Kukalia Mikono

Mpishi wa chekechea ndiye aliyembandika jina la Mwalimu Chapuchapu, na jina likamganda. Lilimfaa, haki ya Mungu. Kengele ya saa sita ikilia, watoto wake ishirini na wawili wa miaka minne walikuwa wameshafutwa makamasi, wamevalishwa viatu, wamebebeshwa mikoba na kupangwa mstari mlangoni, wakati darasa la jirani bado wanatafuta soksi. Wazazi walimpenda kwa hilo. Naye alijipenda pia, tusifichane.

Katika hao ishirini na wawili kulikuwa na mmoja aliyeitwa Malkia. Jina alipewa na bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, na mtoto mwenyewe alilipokea kwa moyo mmoja. Saa ya kwenda nyumbani ikifika, Malkia hukaa kwenye benchi fupi la mlangoni, hunyoosha miguu yote miwili, hutazama dari na kungoja. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vya mkanda unaopenyezwa kwenye kichuma kidogo, na kichuma chenyewe kilikuwa na roho mbaya. Mwalimu anapiga magoti, kushoto, kulia, kwisha! Kumfundisha avae mwenyewe kungekula nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ingetoka wapi?

Sasa sikiliza yaliyomkuta. Kila muhula ulipokaribia kwisha chekechea ile ilipeleka nyumbani fomu ya maendeleo ya kila mtoto, mistari thelathini: anashika mkasi, anangoja zamu yake, anataja rangi, anavaa viatu mwenyewe. Juu kabisa, kwa herufi nene, fomu ilisema: Weka tiki kwa ulichokiona tu. Maneno hayo aliyaweka mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, na aliyarudia kila kikao mpaka walimu wakawa wanayaitikia kama kiitikio cha wimbo.

Mwalimu Chapuchapu alikuwa kwenye mwezi wa mwisho wa kipindi cha majaribio. Akipita, anapewa barua ya kuthibitishwa kazini. Asipopita, anafungasha virago. Barua hiyo aliitaka mpaka akawa anaiota. Kwa hiyo fomu alizianza kwa adabu zote, mtoto mmoja mmoja, akikumbuka alichokiona. Alipofika wa saba akatazama saa. Alipofika wa nane kalamu ikaanza kukimbia yenyewe. Kwenye mstari wa viatu ndiyo kabisa, akashuka nao tiki, tiki, tiki. "Kwani si wote wanatoka na viatu miguuni?" alijiambia. Akawa wa kwanza kukabidhi shule nzima, na mpishi akampigia makofi.

Fomu zikaenda nyumbani Ijumaa. Jumatatu, darasa limeshaanza, mlango ukafunguliwa akaingia bibi yake Malkia, amebeba viatu vyeusi mkononi. Nyuma yake Malkia, miguu mitupu, macho yamevimba, ana kwikwi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mwenzio nimekoma leo. Nimesoma ile fomu nikasema, ala! Kumbe huku anavaa viatu mwenyewe, kwangu ananinyooshea miguu! Na magoti yangu haya unayajua. Leo nikamwambia sikuvishi ng'o, vaa. Analia, eti hajui. Nikamwambia hujui nini, mwalimu kaandika! Nimemwita mwongo, mwalimu. Tangu azaliwe sijawahi kumwita hivyo."

Malkia aliacha kwikwi. Akainua uso akamtazama mwalimu, akingoja aseme.

Na mwalimu, jamani, akasema. Akacheka kidogo, kicheko cha kuombea njia, akasema: "Ndivyo walivyo, bibi. Wakifika nyumbani wanadeka."

"Si nilijua mimi!" bibi akasema, akaacha viatu kwenye benchi akaondoka zake.

Siku hiyo darasani kulikuwa na wimbo wa kuku, kulikuwa na udongo wa kufinyanga, kulikuwa hata na paka aliyeingia dirishani akazua vurugu. Malkia hakuimba, hakufinyanga, wala hakumtazama paka. Kengele ilipolia alikaa benchini kama kawaida yake, lakini safari hii miguu aliikunja chini ya benchi. Mwalimu akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Lete mguu, Malkia wangu."

"Usinivishe," mtoto akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza tu. "Mimi mwongo."

Mwalimu Chapuchapu alibaki amepiga magoti na kiatu mkononi. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Alijua akisema ukweli barua imeota mbawa. Alijua pia kwamba asiposema, mtoto wa miaka minne ataondoka pale akiamini jambo baya juu ya nafsi yake, na ataliamini kwa sababu mwalimu kaandika. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alichelewa kutoa mstari. Wazazi walianza kuchungulia.

Bibi alipofika, mwalimu alisimama.

"Bibi, mtoto hakusema uongo. Hajui kuvaa viatu. Namvisha mimi kila siku. Ile tiki niliiweka bila kuangalia, na asubuhi nikakudanganya tena. Mwongo ni mimi."

Bibi akamtazama mwalimu, akatazama kiatu.

"Yaani nimemnunia mjukuu wangu asubuhi nzima kwa ajili ya tiki?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Wewe nitakununia mpaka Jumatano. Siku mbili zinakutosha." Kisha akainama, magoti yakilia, akamkumbatia Malkia. "Nisamehe, mama. Nimekuonea."

Malkia akafikiri. "Mwalimu naye alie," akasema, na kweli mwalimu alikuwa ameshaanza.

Ofisini kwa mwalimu mkuu aliingia na macho mekundu, akaeleza yote bila kupunguza, na fomu zenyewe akazitaja: kuanzia mtoto wa nane hadi wa mwisho. Mwalimu mkuu alimsikiliza huku akifunga upya uzi wa miwani. Halafu akatoa faili kabatini, akalifungua juu ya meza. Lilikuwa na fomu, nayo ina mistari: anawahi kazini, anapendwa na watoto, anatunza kumbukumbu, ni mwaminifu. Mstari wa uaminifu ulikuwa mtupu.

"Huu umenitesa wiki tatu," mwalimu mkuu akasema. "Nimekuona unawahi. Nimekuona unawachekesha watoto mpaka wanagaragara. Uaminifu wako sikuwahi kuuona ukijaribiwa, kwa hiyo sikutia kitu." Akachukua kalamu, akaweka tiki. "Leo nimeuona."

Mwalimu Chapuchapu alitaka kutabasamu, lakini kalamu ilikuwa bado inatembea. Ilipanda mpaka kwenye kumbukumbu, ikaifuta tiki iliyokuwapo.

"Na hii nimeona pia. Kwa hiyo barua inangoja. Fomu kumi na tano utazirudia, mtoto mmoja mmoja, kwa macho yako. Na hiyo mikono yako yenye kiherehere, wakati watoto wanajaribu, ikalie."

"Niikalie?"

"Iweke chini ya makalio, mwanangu. Mimi nilikalia yangu mwaka mzima."

Basi ndivyo ikawa. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Darasa lilitoka la mwisho, soksi zilivaliwa mikononi, wazazi walinung'unika, na mpishi alisema jina lile sasa anamwondolea, alitafutie mtu mwingine. Mwalimu alikaa kwenye benchi fupi, mikono chini, anauma midomo. Aliona mambo ambayo hakuyajua. Aliona kwamba yule aliyemwandika hawezi mkasi anauweza sana, ila kwa mkono wa kushoto. Aliona mwingine akivaa kiatu kwa kukisemesha. Wakikwama alisema neno moja, "mkanda kwanza," kisha akanyamaza, na kunyamaza kulimtoa jasho kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Jioni alikuwa anamsimulia mumewe viatu tu, viatu, mpaka mume akaomba wazungumzie kofia.

Fomu kumi na nne zikatimia katika wiki ya tatu. Ikabaki ya Malkia.

Siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, faili kwapani, anajifanya anasoma ratiba ya usafi. Bibi alikuwa amewahi. Malkia alikuwa benchini, ulimi umetoka nje, anapambana na kichuma. Mkanda ukaingia, ukatoka. Ukaingia, ukapinda. Vidole vya mwalimu viliwasha huko vilikokaliwa. Dakika tisa zikapita, kisha kichuma kikasalimu amri, na cha pili nacho kikafuata.

Cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto, na cha kushoto mguu wa kulia.

"Ngoja nikugeuzie, mama," bibi akasema, tayari anainama.

"Bibi!" Malkia akapiga kelele. "Kalia mikono!"

Bibi akajiinua. Mwalimu akasogea, akamwachia nafasi, na bibi wa watu akaketi kwenye lile benchi la vitoto, magoti yamefika kifuani, akaisukumia mikono yake chini. Wawili wale wakabaki wamekaa hivyo, hawatazamani, maana wangetazamana wangevunjika mbavu.

Malkia alitembea mpaka katikati ya chumba, ncha za viatu zikielekea kila moja upande wake. Akasimama, akageuka.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona."

"Umeona kweli?"

"Kwa macho yangu," mwalimu akasema. Akaitoa mikono, akaweka tiki, na kando yake akaandika kwa mwandiko mdogo: vimepishana, lakini vyake.

Pale mlangoni mwalimu mkuu akafungua faili, akapapasa mifukoni, akaomba aazimwe kalamu.