Mziwanda wa Wiki Mbili

Kiongozi wa msafara alikuwa mwalimu mstaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Alitembea na filimbi shingoni na karatasi ya masharti mfukoni, na masharti hayo aliyasoma yote ndani ya basi kabla hata hawajavuka mpaka. Msipige picha wagonjwa. Msigawe pipi bila ruhusa. Mtu asijitie udaktari. Alipofika sharti la tisa alisimama katikati ya viti na kulisema mara mbili.

"Kwa watoto wa kituo, sisi ni shangazi na wajomba. Mtoto akikuita mama, mrekebishe pale pale, kwa upole. Tunakaa wiki mbili, tunaondoka. Sitaki tuache mtoto anamlilia mama wa pili."

Waumini kumi na wanne wakaitikia amina. Fundi naye aliitikia, tena kwa sauti, kwa sababu lilimwingia. Aliitwa Fundi na kanisa zima kwa ajili ya cherehani yake, na kwa umri wake wa miaka hamsini na moja hakuwa amewahi kuitwa mama na mtu yeyote. Mungu hakumjalia mtoto. Alikuwa na mama yake tu, na huyo naye alimzika miaka miwili nyuma. Niseme vizuri: walimzika wengine. Alipigiwa simu kwamba mama hali yake si nzuri, naye akasema, namalizia magauni ya harusi, nakuja Jumatatu. Jumatatu akakuta kaburi bado bichi. Tangu hapo akawa mtu wa kujitolea kwa kila kitu, kufagia kanisa, kutembelea wagonjwa, na sasa safari ya nchi ya watu. Wenzake walidhani ni wokovu umemkolea.

Kituo kilikuwa na majengo mawili yaliyotazamana, la watoto upande huu na la wazee upande ule, na katikati ua wenye kamba za kuanikia nguo. Asubuhi walihudumia watoto. Watoto waliogeshwa kwa mabeseni, wakikatwa kucha, wakikaguliwa mapunye vichwani, wakifundishwa nyimbo. Fundi alikalishwa barazani na rundo la kaptura zilizopasuka makalio, akashona mpaka vidole vikafa ganzi. Msichana mmoja wa miaka minne alizoea kuja kumwegemea goti na kumwita mama. "Shangazi," Fundi alimwambia kila mara. "Mimi ni shangazi yako." Ilimuuma, lakini hakulegeza hata siku moja.

Mchana walivuka ua kwenda kwa wazee.

Kitanda cha nne kando ya dirisha kilikuwa cha bibi mmoja mwembamba, mwenye macho yaliyofunikwa na ukungu na kichwa kilichosahau karibu kila kitu. Hakukumbuka nyumba yake ilikuwa wapi, wala mumewe alikufa lini. Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, alimweleza Fundi habari zake mbele yake mwenyewe.

"Huyu anatusumbua kwenye kula. Anakula vizuri Jumapili tu, binti yake akija. Siku nyingine anabana meno kama tunamlisha sumu. Jaribu na wewe, ukishindwa usijilaumu."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji. Wote wa msafara walikuwa wamevaa aproni za bluu. Bibi akanyoosha mkono, akaipapasa ile aproni, akapanda mpaka begani, mpaka shavuni, na uso wake wote ukafunguka.

"Mziwanda wangu," akasema. "Mbona umechelewa, mwanangu?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda, na Fundi aliiona. Angeweza kusema, hapana bibi, mimi ni mgeni. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini hakuna sharti lililosema lolote juu ya wazee, na miaka miwili hakuna aliyemwambia mwanangu kwa sauti ile, na uji ulikuwa unapoa.

"Abee, mama," akasema. "Nimefika."

Bibi alimaliza bakuli. Akaomba la pili.

Jioni ile kwenye maombi Mwalimu alisimulia habari hiyo kama muujiza, akatia na chumvi kidogo, watu wakapiga makofi. Kesho yake Fundi akarudi kitanda cha nne, na keshokutwa. Alimsuka, alimkata kucha, alimpaka mafuta miguuni. Bibi akaanza kunenepa mashavu na kuongea. Alimwambia siri za utotoni ambazo hazikuwa za Fundi, jinsi Mziwanda alivyomeza kifungo akiwa na miaka mitatu, jinsi alivyokuwa analia radi ikipiga, na Fundi akacheka kana kwamba anakumbuka. Jumapili ya kwanza binti hakutokea. Muuguzi alisema huenda kazini kwake hawakumpa nafasi. Fundi alisema maskini, pole yake, na moyoni alifurahi. Nasema alifurahi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kukiri hivyo baadaye, na hakujipunguzia.

Jumapili ya pili, siku moja kabla ya kuondoka, alikuwa anamlisha bibi wali laini pale mwanamke mmoja alipoingia wodini karibu anakimbia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, amevaa sare ya bluu ya kazi, mikono imebabuka kwa sabuni za kufulia. Alikuwa dobi wa hoteli, siku sita kwa wiki shuka na mataulo, na siku ya saba, akitoka zamu ya usiku, alipanda magari mawili kuja hapa bila kupita nyumbani kubadili nguo. Mkononi alikuwa na mfuko wa ndizi mbivu.

"Shikamoo mama! Nisamehe, wiki ile wamenikatalia, wageni walikuwa wengi."

"Marahaba," bibi akajibu kwa adabu. "Nani huyu?"

"Ni mimi, mama. Mziwanda."

Bibi akacheka, akamgusa Fundi mkono. "Umesikia? Eti Mziwanda. Mziwanda si huyu hapa ananilisha? Wewe umetumwa na nani?"

Dobi naye alicheka, akidhani ni utani. Akasogea, akamshika mama yake kiganja kama alivyozoea. Bibi akakivuta kwa nguvu hata kijiko kikaruka.

"Niache! Mtoeni huyu mwizi, anataka jina la mwanangu!"

Fundi alikauka pale na bakuli mkononi. Yule mwanamke akamtazama, akatazama aproni ya bluu, akatazama sare yake mwenyewe, na akaelewa kabla hajaambiwa.

"Njoo nje," akasema.

Walisimama uani kati ya shuka zilizoanikwa. Fundi akaanza kueleza, alikuwa hali chakula, walisema hali kabisa, nikaona bora.

"Ulimwambia wewe ni mimi?"

"Aliniita, dada. Nikaitika."

"Ukaitika." Dobi hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angefoka. "Mama yangu hajui leo ni siku gani. Alishamsahau baba. Kaka zangu wote amewasahau, mmoja mmoja, nikiwa naona. Nilibaki mimi. Kila Jumapili nilikuwa napanda gari, nasema leo ndiyo leo, leo hatanijua. Nafika, anasema Mziwanda wangu. Miaka mitatu. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, na mimi sina kingine. Wewe ulikuja kufanya nini huku?"

Fundi akakumbuka yule mtoto wa miaka minne na jinsi alivyomkatalia neno mama kila asubuhi kwa sababu ataondoka. Kwa mtoto alijua. Kwa mzee hakutaka kujua. Machozi yalimtoka bila kwikwi, akajifuta kwa aproni.

"Naenda kumwambia ukweli," akasema. "Sasa hivi."

Akarudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, dobi nyuma yake.

"Bibi, nisikilize. Mimi si mwanao. Mimi ni mgeni, nimetoka mbali na watu wa kanisa. Mwanao ni huyu."

Bibi akaupapasa uso wa Fundi polepole, kidevu, pua, paji la uso.

"Si wewe?"

"Si mimi. Nilikosea. Nisamehe."

Kisha bibi akageuza uso upande wa dobi. "Na wewe pia si yeye."

"Ni mimi, mama. Nilimeza kifungo, unakumbuka? Mama, nisikie sauti."

Bibi akatega sikio. Midomo yake ilikuwa inatafuta kitu.

"Basi amekufa," akasema. "Mwanangu amekufa na mnanificha."

Akalia. Hakulia kama mgonjwa, alilia kama mama aliyeletewa habari za msiba, mikono kichwani, akijitupa huku na huku, mpaka wazee wa vitanda vingine wakaanza kulia naye bila kujua wanamlilia nani. Dobi alijaribu kumkumbatia, akasukumwa. Akajaribu tena, akakwaruzwa shavu. Muuguzi alikuja mbio na akasimama tu, hana la kufanya. Mama mtu alikuwa anamlilia mwanawe, na mwanawe yuko pale pale anamwita mama.

Dobi akamgeukia Fundi.

"Mwambie ni wewe."

"Siwezi, dada. Si haki."

"Uliweza wiki mbili. Huoni atakufa kwa kilio? Mwambie!"

Fundi akaushika ule mkono mwembamba, akauweka kwenye aproni.

"Abee, mama. Nipo. Ilikuwa ndoto mbaya."

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. "Usinifanyie tena," bibi akasema. Fundi akasema hatafanya tena, na dobi alikuwa amesimama nyuma yake akiuma kiganja chake mwenyewe.

"Mnaondoka lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kesho asubuhi."

Dobi akafikiri kidogo. Kisha akamnong'oneza maneno sikioni, na Fundi akatikisa kichwa kukataa, na dobi akamsukuma bega. Ikabidi aseme.

"Mama, nasafiri kikazi. Nitakawia kidogo. Lakini nimekutafutia mtu wa kukuangalia. Atakuwa anakuja kila Jumapili. Ukila kwake, ni kama umekula kwangu."

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri kuliko mimi, mama."

Fundi akainuka kitandani. Dobi akafuta uso kwa mkono wa sare, akakaa pale palipokuwa bado na joto la mwenzake.

"Shikamoo, bibi," akasema. Katika maisha yake yote hakuwa amemwita hivyo.

"Marahaba. Wewe ndiye utakayekuja?"

"Ndiyo mimi."

Akamenya ndizi, akaimega vipande vidogo, akampa kimoja. Bibi alitafuna taratibu, akakubali cha pili. Fundi alibaki mlangoni.

"Na wewe," bibi akauliza, "mama yako yuko hai?"

Dobi akamega ndizi iliyobaki. "Yuko hai, bibi."

"Basi usikae huku kulisha mama za wenzako. Nenda kamwone."

"Nitaenda, bibi," dobi akasema, akampa kipande kingine.