Oili Nyepesi kwa Injini Kuukuu

Wasyl Hrynkiw alikuwa na ibada mbili kwa wiki. Jumapili alikwenda kanisani, na Jumamosi alikwenda bandani kuwasha jenereta. Hiyo ya Jumamosi ndiyo aliyoifanya kwa moyo wote. Mkewe Pawlina alimsikiliza kutoka jikoni: injini ilikohoa mara moja, ikanguruma, vioo vya madirisha vikatetemeka, kisha mzee akarudi ndani ananuka dizeli, kifua mbele, utadhani ameizaa yeye.

"Umeisikia?" aliuliza kila mara.

"Nimeisikia. Hata waliozikwa wameisikia."

Jenereta hiyo waliinunua zamani walipokuwa na ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe hangoji umeme urudi ndipo akamuliwe. Ng'ombe walishauzwa, na sasa jenereta ilikuwa ya Pawlina. Mapafu yake yalichoka mwaka juzi. Tangu hapo alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya meza ya jikoni, ikihema mchana kutwa kama mbwa mzee. Umeme ukikatika mashine huzima, na mtungi wa akiba ulitosha saa chache tu. Na huku Manitoba, dhoruba ya Januari ikiangusha nguzo, umeme hurudi unapojisikia.

Ndiyo maana binti yao Halia, alipokuja kutoka Brandon kwa Krismasi yao ya kalenda ya kale, tarehe saba Januari, alileta keki ya asali pamoja na habari. Nyumba ya wazee ya mjini ilikuwa na nafasi kwa mama, nao walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekuwa akilia garini. Alisema upepo ukivuma usiku hapati usingizi, anaiwaza ile mashine tu.

"Jenereta ipo," Wasyl alisema.

"Baba, jenereta ina umri wangu."

"Na wewe si mzima?"

Ilikuwa Jumamosi. Akamchukua binti yake bandani, akaiwasha mbele yake, nayo ikawaka mara ya kwanza. Mzee akarudi anatamba. Uso wa Halia ulianza kufunguka, na mambo yangeishia hapo kama Pawlina asingekuwa dirishani anaosha sufuria.

Alichokiona hakikuwa kigeni. Waya mwekundu ulitoka kwenye ukuta wa nyumba, ukapita juu ya theluji, ukaingia bandani. Huku injini zote hulala zimechomekwa kwenye umeme ili zisigande. Kila gari la wilaya lina kipande cha waya kinachoning'inia puani, na mtu hauwazi waya huo kama asivyoziwaza soksi zake. Hita ya jenereta ilikuwa ikiipasha injini joto usiku na mchana. Kwa umeme. Umeme uleule ambao jenereta ilinunuliwa kuungoja ukatike.

Pawlina aliiacha sufuria majini. Alijua pia atakavyofanya mumewe dhoruba ikija, kwa kuwa ndivyo afanyavyo siku zote. Atasema vijana wa laini wako njiani, tusichome dizeli bure, na ataketi mpaka mtungi uanze kulia kwamba unaisha ndipo aende kuwasha injini iliyokwisha kuwa jiwe. Angeweza kunyamaza, akabaki na jiko lake. Lakini mapafu yalikuwa yake, na kama hewa ingemwishia, Wasyl ndiye ambaye angekuwa amemshika. Hilo hakuweza kumfanyia.

"Baba Halia," alisema, "kachomoe waya. Kesho tukitoka kanisani uijaribu tena."

Wasyl alimtazama kama mtu aliyechongewa polisi na mke wake mwenyewe. Alichomoa, hata hivyo.

Kesho yake ilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Starta iliizungusha injini mara moja, polepole, ikaguna, ikaizungusha nusu, ikanyamaza. Betri ilikuwa mpya na dizeli ilikuwa ya majira ya baridi. Wasyl alijaribu na kujaribu mpaka Halia akamshika mkono. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili iliganda kwenye ncha yake, ikakataa kudondoka. Walirudi jikoni, na Pawlina hakuuliza, kwa sababu alikuwa amesikia.

Ugonjwa wa injini ulijulikana. Wasyl alikuwa mtu wa oili nzito, ile ya 15W-40, kiangazi na baridi. Alishikilia kwamba injini kuukuu imelika ndani na inataka oili yenye mwili. Ukiipa nyepesi, alisema, itapita kwenye sili, zile raba za kuizuia isivuje, kama maji kwenye chujio, na injini ikipata moto presha itashuka. Ndugu yake Metro alikuwa akimsihi abadilishe kwa miaka, na hiyo hasa ndiyo sababu hakubadilisha.

Jumatatu Halia alimpeleka baba yake mjini, wakarudi na galoni la oili nyepesi ya dizeli, 0W-40. Wasyl aliliweka mezani kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Pawlina akavaa miwani, akaagiza na lile galoni la zamani, akayapanga ubavu kwa ubavu.

"Hii inaishia arobaini. Na hii inaishia arobaini. Hiyo arobaini ni nini?"

"Uzito wake ikiwa moto," Wasyl alijibu kwa shingo upande.

"Basi zikipata moto ni ndugu. Zinatofautiana asubuhi tu. Kama wewe na Metro. Mchana nyote wawili mna maneno, lakini asubuhi wewe huongeleshwi."

Halia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wasyl hakucheka, ila masikio yalimbadilika rangi.

Pawlina hakuishia hapo. Alimimina kila oili kwenye chupa yake ya matango, akamtuma Halia aziweke kwenye ngazi za nyuma. Walipomaliza kula supu ya viazisukari vyekundu, wakaziingiza na kuzipindua. Ile nyepesi ilitiririka ndani ya chupa bila ubishi. Nzito ilibaki imeng'ang'ania kitako cha chupa iliyopinduliwa. Wasyl aliishika hiyo ya pili kwa muda, akiitazama kama rafiki aliyemwangusha.

"Nyepesi itavuja," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na ivuje. Utaweka karai chini, utaongeza. Mimi navuja tangu nimzae huyu, na hujanipeleka popote."

Jumanne aliichomeka injini, akaiwasha mpaka ikapata moto, maana oili baridi isingetoka, akamwaga ile nzito yote. Alifunga chujio jipya, akamimina nyepesi taratibu, huku ananung'unika maneno ambayo padri asingependa. Halafu akauchomoa waya, akaukunja, akauleta jikoni kabisa ili asije akashawishika.

Jumatano mchana baridi ilikuwa ileile. Pawlina akatangaza kwamba ataiwasha mwenyewe. Halia akapinga, Wasyl akapinga, naye alikuwa ameshavaa koti la mumewe na kutundika kimtungi cha oksijeni begani.

"Kama ni kuondoka hapa," alisema, "niondoke kwa mkono wangu."

Walimkokota juu ya theluji, mmoja huku, mwingine kule. Bandani Wasyl alivua kofia, jambo la kipumbavu kwa baridi ile. Pawlina akabonyeza. Starta iliizungusha injini haraka, mara mbili, mara tatu, moshi mweupe ukawafunika wote, na ndani ya moshi huo injini ikashika. Iliyumba kidogo, kisha ikatulia na kunguruma kama Jumamosi yoyote. Chini yake tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka kwenye karai.

"Moshi huu," Wasyl alisema akijipangusa macho. Pawlina alimpenda wakati huo kama alivyompenda akiwa kijana mwenye nywele, pengine na zaidi, maana sasa alimjua.

Jikoni Halia alipiga simu nyumba ya wazee papo hapo, kabla hajavua viatu. Aliwashukuru, akasema mama yake anabaki, wampe mwingine nafasi hiyo. Kisha akawa anasikiliza tu. Akaiziba simu kwa kiganja.

"Baba, wanauliza na kile kitanda cha pili wakitoe kwa mwingine? Wanasema ulipiga simu Jumapili ukaomba muwe chumba kimoja."

Mzee huyu hakuwahi kulala nje ya shamba lake ila usiku mmoja, wa harusi ya Halia, na hata usiku huo alilalamika mpaka kukakucha. Alikuwa akitafuta glavu zake juu ya meza, na glavu zilikuwa mikononi mwake.

"Wale hawajui mama yako hulala upande gani," alisema.

Pawlina alichomeka mpira wa oksijeni kwenye mashine yake, akavuta pumzi mbili tatu kabla ya kuweza kusema.

"Waambie wavitoe vyote viwili," alimwambia Halia, akamvuta mzee kwa mkono wa koti akae karibu naye.