Mwalimu Asiyeshika Fimbo

Binti aliporudi kutoka kazini, alishindwa kufungua kilemba chake. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akainua mkono wa kulia hadi usawa wa bega, ukagoma hapo. Akajaribu wa kushoto, nao ukagoma. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeaibishwa na mwili wake mwenyewe.

"Mama, hebu nifungulie."

Mama alilifungua fundo kwa vidole vilivyozoea chaki kuliko vitambaa, na kabla hajauliza neno alikuwa ameshajua. Mikono hufa namna ile baada ya dakika arobaini. Kumi za kwanza ni mzaha, watu wanachekeana. Ishirini zikitimia, vidole huanza kuwaka. Zikifika thelathini kila mmoja humtazama jirani yake kwa jicho la pembeni, na zikifika arobaini, jina hutoka. Alizijua dakika hizo kama mwashi ajuavyo matofali yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezitunga.

"Nani kawasimamisha?"

"Nani tena? Kiranja."

Kiranja alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hospitali. Jina hilo lilimganda tangu darasa la sita, alipokuwa kiranja kweli, katika darasa la mama huyuhuyu. Binti alieleza polepole, mikono ikiwa imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Jana jioni mashine ya kupigia pasi iliachwa inawaka. Shuka za wodi mbili ziliungua, na ukuta ukawa mweusi kama tako la sufuria. Asubuhi Kiranja akawapanga uani wanawake wote saba, mikono juu, hadi mwenye kosa atajwe. Wakasimama. Kisha wenzake sita wakamtaja yeye.

"Wewe? Na jana tangu saa nane ulikuwa hapa unanikanda mguu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliwaambia?"

"Nilisema mara moja. Nani anasikiliza huku mabega yanawaka moto? Wenzangu wote wana watoto. Niliona macho yakizunguka, yakazunguka, yakatua kwangu. Ijumaa napewa barua ya kuachishwa. Miaka kumi na mmoja, mama. Kumi na mmoja nafua damu za watu."

"Na aliyeiacha mashine ni nani?"

Binti alitazama sakafu. "Mama Pacha. Alikimbilia kunyonyesha. Ameniambia mwenyewe, chooni, analia mpaka kwikwi. Lakini usimtaje. Nakuomba usimtaje."

Mama alikunja kilemba mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

Maisha yake yote ya kazi, mwalimu huyu hakuwahi kushika fimbo. Katika shule ambayo vilio vilisikika hadi barabarani, darasa lake lilikuwa kama maji ya mtungini. Wazazi walihamisha watoto ili wafike kwake. "Yule mama hapigi," walisema, "lakini wanawe wananyooka." Kosa likitokea, aliwaambia wasimame, wainue mikono, kisha akaketi kusahihisha madaftari. Hakufoka. Aliamini anawafundisha jambo kubwa kuliko hesabu: mkosaji asijifiche nyuma ya wenzake, na wenzake wasimfiche. Jina lilipotoka aliwauliza wote, "Ni kweli?" nao wakaitikia kwa sauti moja. Hapo ndipo alipokuwa akisema ule msemo wake: mmoja aweza kusema uongo, darasa zima haliwezi.

Kesho yake alijikongoja hadi hospitali. Chumba cha kufulia kilijaa mvuke na harufu ya sabuni kali, na vikapu vya magurudumu vilipiga kelele juu ya sakafu iliyolowa. Kiranja alipomwona aliruka kutoka kitini kama aliyechomwa na mwiba.

"Shikamoo, mwalimu! Jamani, leteni kiti. Siyo hicho, hicho wanakalia watu wa kawaida, leteni kile chenye mgongo! Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenifanya mtu."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango nusu, tuzungumze."

Akakaa. Akasema kwamba binti yake hakuwa kazini mashine ilipoachwa, kwamba aliomba ruhusa, kwamba alikuwa nyumbani. Kiranja alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Ruhusa niliitoa mimi, sikatai," alisema. "Lakini wanasema aliiwasha kabla hajaondoka, akasahau. Wamesema wote sita, mwalimu. Sita! Si wewe uliyetufundisha kwamba darasa zima haliwezi kusema uongo?"

"Ni mimi." Aliisikia sauti yake ikiwa nyembamba. "Na nyinyi je? Mlikuwa mnasema kweli?"

Kiranja alicheka, kicheko kitamu cha mtu anayekumbuka matunda ya kuiba.

"Ah, mwalimu nawe! Mambo ya utoto hayo. Mikono ilikuwa inauma! Tulikuwa tunamtaja yule mtoto tuliyemwita Kimya."

"Kila mara?"

"Karibu kila mara. Hakuwa na kaka pale shuleni wa kutuvizia njiani. Tena alikuwa halii. Tunamkonyeza tu, naye anatoka mbele mwenyewe. Siku nyingine hata dakika kumi hazijaisha. Siku hizo tulimpenda sana."

"Na ile saa ya ofisi iliyovunjika?"

Kicheko kilikatika. Kiranja alifuta jasho ambalo mvuke peke yake haukuweza kulieleza. "Ile niliivunja mimi," alisema. "Kwa mpira."

Kwa ajili ya saa ile Kimya alifukuzwa shule. Mwalimu ndiye aliyeandika barua, kwa mwandiko wake ule ule mzuri wa ubaoni. Alikumbuka jinsi mtoto alivyoipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri isichafuke, akasema, "Asante, mwalimu." Siku ile alilichukua neno lile kuwa ushahidi kwamba malezi yameingia. Miaka mingi alilisimulia kwenye mikutano ya wazazi.

"Tufanye hivi," Kiranja alisema kwa sauti ya chini, akivuta kiti karibu. "Siwezi kukurudisha mikono mitupu. Wakubwa wanataka jina Ijumaa, hawajali jina gani. Nipe jingine, la binti yako nalifuta sasa hivi mbele yako. Najua amekuambia."

Jina lilikuwa mdomoni tayari, lina uzito wa mbegu tu. Na lilikuwa la kweli. Kupitia mlango ulioachwa nusu aliwaona wanawake wakikunja shuka wawili wawili, wakiachana na kukutana, wakiachana na kukutana. Mmoja wao blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, madoa mawili ya duara. Mwanamke yule aliinua macho, akamwona mama wa mwenzake ameketi kwa msimamizi, na kona ya shuka ikamponyoka.

"Ukiwauliza mmoja mmoja, wameketi?" mwalimu alisema.

"Hawatasema lolote. Mtu aliyeketi hasemi, mwalimu. Hilo unalijua kuliko mimi."

Alilijua. Ndilo lililomkata maini.

"Sina jina," alisema. "Andika kwamba uliwasimamisha mikono juu. Kisha andika jina la aliyekufundisha. Hilo nakupa, liandike."

Kiranja aliweka kalamu mezani taratibu. Alimtazama kwa huruma ya kweli, ile wanayotazamwa nayo wazee ambao akili zimeanza kuwatoka. "Umechoka, mwalimu. Nikutafutie usafiri?"

"Niambie Kimya anakaa wapi."

Kimya alikuwa anashona viti vya magari nyuma ya kituo cha mafuta. Amekuwa jibaba, kichwa kimeanza mvi, na sindano yake ilipinda kama mwezi mchanga. Mwalimu alisimama mbele ya kibanda akiwa na sentensi aliyoipanga njia nzima. Ulipofika wakati wake, haikuwepo.

"Karibu, mwalimu," alisema Kimya, aliyekuwa amemwona akija, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

"Saa ya ofisi. Hukuivunja wewe."

Akavuta uzi hadi mwisho. "Hapana."

"Mbona hukusema?"

Alilifikiria swali kwa uaminifu, kama linavyostahili. "Ulikuwa umeniuliza mbele ya watoto thelathini na wanane wenye mikono juu. Ningesema hapana, wangeendelea kusimama."

Gari lilipiga honi barabarani, likapita. Mwalimu alishika nguzo ya kibanda.

"Una watoto?" alijisikia akiuliza.

"Mmoja, wa kike. Yuko darasa la nne, shule ileile. Mpole mpole hivi, kama mimi." Akatabasamu kidogo, akairudisha sindano kwenye ngozi. "Walimu wamebadilika, ila kule kusimama kupo. Nimemwambia, mwanangu, ukiona wanaanza kukutazama, usingoje. Toka mbele mapema. Inafupisha."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama baba anavyomwambia mtoto atembee upande gani wa barabara.

Neno la kuomba radhi lilimjia mwalimu, akaliona dogo mno. Angempa mtu huyu, naye angelipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

"Shika hapa," Kimya alisema, akimsogezea ukingo wa ngozi. "Hii inataka mikono minne. Kaza. Eh, hapo hapo."

Alishika. Sindano ilipita karibu na kidole gumba chake, ikarudi, ikapita tena.

"Anatoka saa ngapi, mtoto?"

"Saa tisa. Hupitia hapa."

Mwalimu hakuachia ngozi. Alivuta kigoda kwa mguu ule mzima, akaketi kumngoja mtoto, akaendelea kukaza.