Ndoo ya Pili

Bi Saimi alipiga magoti kwenye mchanga, chini ya misonobari michache iliyoachwa na wakata miti, akaingiza vidole kwenye nyasi kavu za mwaka jana. Hakuwa anatazama chini. Uso wake ulielekea juu, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya mkoba.

"Huu hapa," alisema.

Aliuchomoa uyoga polepole. Kofia yake ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyoiva, mikunjo juu ya mikunjo, na shina fupi jeupe lenye mchanga. Ulikuwa uyoga wa masikio, wa kwanza mwaka huo. Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye mitaro, lakini ndege kekeo alikuwa ameshaanza kuita ng'ambo ya ziwa.

Helka, bintiye, alisogeza kikapu. Siku tatu zilizopita mama huyuhuyu alimwita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Juzi aliweka viatu vyake ndani ya jiko la kuokea, akakasirika vilipotolewa. Lakini huku, mahali ambapo mashine ziliipasua ardhi miaka miwili iliyopita, hakukosea hata mara moja. Uyoga wa masikio hupenda ardhi iliyoumizwa, na mama alikuwa akiyafuata majeraha ya msitu ule tangu akiwa msichana.

"Na ule pale kwenye kisiki?" Helka aliuliza.

"Nenda ukauone mwenyewe. Macho yako ni ya kusomea vitabu tu?"

Helka aliuchuma, akaupasua kwa kisu kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa mtupu ndani, kama filimbi.

"Mtupu."

"Na kofia?"

"Ina vishimo. Kama sega la nyuki."

"Basi huo ni wa sega, unakaangwa tu ukaliwa. Wa masikio hauna vishimo, una mikunjo, kama ubongo wa kondoo. Ukiupasua, una vyumba vyumba ndani, kama nyumba ya tajiri. Huo ndio wa kuchemsha mara mbili, la sivyo unamlaza mtu kaburini. Miaka arobaini na moja nakufundisha."

"Nina miaka arobaini na moja, mama."

"Ndiyo. Nilianza siku uliyozaliwa, ukawa unalia tu, husikii."

Helka alicheka, na katika kucheka kule akajikuta akiomba. Ee Mungu, awe hivi mpaka jioni. Kaka yake, Jouko, alikuwa njiani na mkewe. Nafasi ilikuwa imepatikana kwenye makao ya wazee mjini, na jibu lilitakiwa kesho Jumatatu.

"Mimi si jiwe, Helka," Jouko alikuwa amesema kwenye simu. "Nitakuja nile mchuzi wake wa uyoga kama kila mwaka. Nikiona bado anajiweza jikoni mwake, nitawaambia nafasi wampe mwingine."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ndani ya kikapu kile.

Walipofika nyumbani, Helka alifungua madirisha yote ya jikoni, maana mvuke wa uyoga ule ni sumu kama uyoga wenyewe. Kisha akaenda kisimani, kando ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, akaleta ndoo mbili. Ndoo moja kwa mchemsho wa kwanza, ndoo moja kwa mchemsho wa pili. Ndivyo nyumba ile ilivyofanya tangu enzi za bibi yake. Alizipanga kando ya jiko, akasimama.

"Unangoja nini?" mama aliuliza.

"Nipo tu."

"Nenda kawashe sauna. Jouko akikukuta umenisimamia hivyo, atasema mimi ni mgonjwa."

Hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomtoa Helka jikoni. Alibeba kuni, akasafisha majivu, akawasha moto kwa magome makavu. Kutoka mlango wa sauna alikiona kisima muda wote. Hakuna aliyekuja kuchota.

Aliporudi, harufu ya siagi na vitunguu ilimpokea ukumbini. Moyo ulimwambia ni mapema mno. Mama alikuwa akikoroga mchuzi kwa mwiko, ameshatia krimu, amejifunga aproni safi, anaimba kidogo puani. Ndoo moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, na juu ya maji lilielea jani la msonobari.

"Mama, umechemsha mara ngapi?"

"Mbili."

"Ndoo hii imejaa."

"Basi nilichota nyingine."

"Nilikuwa karibu na kisima, mama. Sikukuona."

Mwiko ulisimama. "Unanihesabia maji nyumbani kwangu?"

"Tuuoshe, tuuchemshe mara moja zaidi. Dakika tano. Nitasema mimi ndiye niliyechelewesha."

"Siagi imeingia, krimu imeingia, wewe unataka nioshe. Nimepika uyoga huu kabla baba yako hajajua kunyoa ndevu. Kuna mtu amewahi kufa mezani kwangu?"

"Hapana."

"Basi weka sahani."

Nje, magurudumu yalisaga kokoto. Mlango wa gari ulifungwa, kisha wa pili. Helka alifikiri haraka, naye hakuwa mtu wa kufikiri haraka. Akisema 'msile, amesahau', kesho mama hatakuwa na nyumba. Akinyamaza, watakula. Alichukua taulo, akashika kikaango kwa mikono miwili.

"Kinaungua chini. Nakitoa nje kipoe."

Alifika barazani, akamwona Jouko anafunga zipu ya koti lake, akakiachia.

Kikaango kiliteremka ngazi kwa kelele, ngazi moja baada ya nyingine. Mchuzi ukamwagika mpaka kwenye viatu vya Jouko.

"Na mimi sijala tangu asubuhi," Jouko alisema.

"Kimeniponyoka. Nisamehe."

Mama alikuwa ameshatokea mlangoni. Alitazama ngazi, akamtazama bintiye. Kwa kitambo kidogo Helka aliamini kwamba mama ameelewa, kwamba wamekuwa wawili katika siri hii. Kisha mama alishuka, akamshika Jouko mkono, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Sikutaka kukwambia kwenye simu, mwanangu. Dada yako hayuko sawa. Anahesabu ndoo. Juzi ameweka viatu ndani ya jiko."

Walikula mkate mweusi, mayai na samaki wa chumvi. Tuire, mke wa Jouko, alimpapasa Helka mgongoni kila alipopita nyuma yake. "Tangu lini hulali vizuri, wifi?" aliuliza, na upole wake ulichoma kuliko tusi. Mama alikata samaki kwa mkono usiotetemeka. Aliuliza habari za kazi ya Jouko, akakumbuka hata jina la bosi wake. Haikuwahi kutokea siku aliyokuwa mzima namna ile.

Jouko alimwita Helka nje, wakasimama karibu na rundo la kuni.

"Niambie ukweli. Nani aliweka viatu kwenye jiko?"

Helka alitazama bomba la sauna linavyotoa moshi.

"Mimi," alisema.

Jouko alishusha pumzi. "Basi ni vibaya kuliko nilivyodhani. Nilidhani nina mmoja wa kumhofia. Siwezi kumwacha mama na mtu anayewasha jiko lenye viatu ndani. Nitawapigia kesho asubuhi."

"Jouko, ngoja. Si mimi. Ni yeye. Na uyoga ule aliuchemsha mara moja tu, ndiyo maana nikaumwaga."

Jouko alimtazama kama mtu anayesoma barua mbili zenye saini moja.

"Sijui lipi la kweli," alisema. "Lakini ona mwenyewe, Helka. Likiwa hili au lile, jibu langu ni hilohilo."

Walirudi ndani. Jouko alikaa, akavuta kikombe cha kahawa, akaanza kueleza taratibu, kwa maneno aliyoonekana kuyafanyia mazoezi barabarani. Kuna mahali pazuri mjini. Chumba cha mtu mmoja, dirisha linaloelekea ziwani. Kuna manesi usiku na mchana. Siku za Jumatano huwa kuna kuimba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akikoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Patamfaa," alisema. "Amechoka sana, masikini."

Jouko alifungua mdomo. Tuire akamwekea mkono juu ya mkono wake, naye akafunga mdomo, akageukia dirishani.

Mama alichukua kipande cha mkate, akakipaka siagi mpaka kwenye kingo, kama anavyopakiwa mtoto, akakisukuma mbele ya Helka.

"Kula, mwanangu. Usiogope. Si mbali, nitakuja kukuona kila Jumapili."

Helka alisubiri kaka yake aseme neno. Alipoona hasemi, alikichukua kile kipande, akakila chote.