Dividii Isiyoonjwa

Haya, sogeeni mnitegulie hiki: nimechoma bila moto, nimepakua bila chungu, na aliyeonja kwanza ni mgeni. Nini hicho? Wewe unasema muhogo. Muhogo gani huo unachomwa bila moto? Mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa Kigali nzima? Asanteni, nitautembea taratibu. Jibu ni dividii, ile sahani ya kung'aa inayotiwa kwenye deki. Inachomwa kwa kompyuta, moshi huuoni. Na habari ya mpishi anayepakua kabla ya kuonja, mwulizeni Zuhura wa Nyamirambo.

Zuhura, au Mama Shema kama mtaa unavyomwita, ni fundi cherehani mwenye jicho. Ukipita mbele ya kibaraza chake anajua pindo lako limeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na kama aliyelishona alikuwa na njaa. Jicho hilo ni riziki yake. Tatizo ni kwamba jicho na mdomo wake wamepanga chumba kimoja.

Mwanawe Shema alimwoa Kaze, binti wa watu wa Kagugu, wazee waliorudi kutoka Karagwe. Harusi ikapita vizuri. Mpiga video akawaletea flash yenye harusi yote, vipande vipande, akasema anayetaka dividii za kuwagawia wazee aende studio.

"Studio ya nini?" akasema Zuhura.

Jirani yake Alida, mwenye duka la picha, alikuwa amemwekea kwenye kompyuta ya Shema programu ya kuchomea dividii. Ya bure kabisa, wala si ile ya kuonjeshwa mwezi mmoja halafu ikufungie mlango.

"Unavuta vipande unavyotaka, unaviweka hapa," Alida akamwonyesha. "Unabonyeza hapa, unasubiri. Lakini mama, kabla hujampa mtu, itie kwenye deki uitazame mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho? Harusi yenyewe nilikuwepo!"

Basi akavuta vipande vyote, vyote kabisa, kama mtu anayekumba dagaa sokoni. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa, kompyuta ikanguruma, kisha ikatoa ulimi wake na sahani juu yake ikiwa ya vuguvugu. Zuhura aliishika kwa kanga kama mkate. Akachoma ya shangazi yake, akachoma ya imamu, akachoma za majirani. Ile iliyotoka kwanza aliifunga kwa karatasi ya maua, akaipeleka kwa mama yake Kaze, Nyirahabimana, bamwana wake. Ndivyo wanavyoitana huku kwetu wazazi wa bwana na wa bibi harusi.

Haukupita muda simu ikalia.

"Bamwana, dividii tumeiona. Asante sana. Watoto wamependeza."

"Nimeichoma mwenyewe! Kwa mikono hii!"

"Tumeambiwa. Nina swali moja tu. Kile kipande cha mwisho, cha viatu. Sauti ile ni ya nani?"

"Viatu gani?"

"Kitazame, bamwana. Halafu utaniambia."

Zuhura akatia nakala yake kwenye deki, akaruka kuingia kwa maharusi, akaruka hotuba, akaruka keki, akafika mwisho. Kumbe mpiga video alipokwenda kula aliiweka kamera kwenye benchi bila kuizima. Haikuona nyuso, iliona miguu tu, miguu ya wazee wa Kagugu waliokaa chini ya hema la upande wa pili. Halafu kicheko kikatoka kwenye spika. Alikitambua kabla hakijaisha, kama mtu anavyoitambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Tazameni kiatu cha bamwana wangu," ikasema ile sauti. "Ngozi ya kahawia, uzi mweupe! Na mishono imelala kinyume, utadhani kimeshonewa ndani ya kioo. Hiki sasa kashona nani? Mlevi? Mwe! Kweli tumeoa kwa watu wa viraka."

Watu wakacheka. Yeye akacheka kuwapita wote.

Alipogeuka, Kaze alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vyombo. Aliweka sinia chini, akatoka, akaufunga mlango polepole, na polepole ile ilimuuma Zuhura kuliko kama angeupiga kwa nguvu.

Tangu hapo kibaraza kikawa kipana mno. Zamani Kaze alikuwa akikaa naye, akimtilia uzi sindanoni, wakicheka wapita njia. Sasa ilikuwa "yego, mama" na "hapana, mama," basi. Na mama yake hakupiga simu tena. Zuhura hakulala vizuri. Alijua kwamba swali lile lilikuwa limekaa Kagugu linamngoja, na kwamba asipolijibu, huyu mtoto atabaki nyumbani mwake kama mpangaji.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuzikusanya zile dividii.

"Hii yetu? Ah, kile kipande cha viatu!" shangazi yake akajipiga paja. "Tumekirudia mpaka deki imechoka!"

Imamu aliitoa yake kwenye kabati, akamkabidhi akiwa anatazama ukuta. Kutazamwa kungekuwa nafuu.

"Sema ni programu, mama," Shema akamshauri. "Si ya bure? Watu wote wanajua vya bure vina virusi. Sema iliokota sauti za mtaani ikazichanganya."

Neno hilo lilimkaa vizuri mdomoni. Akaketi, akachoma dividii nyingine, kile kipande akakiacha nje. Safari hii akaitia kwenye deki akaitazama yote, hotuba zote, hata wimbo wa shangazi, mpaka skrini ikawa nyeusi. Akaitia kwenye mkoba, akamwita mwenye moto, yaani bodaboda wa huku kwetu.

Njia nzima mpaka Kagugu kofia ya pikipiki ilimfunika uso, na alipofika alitamani asiivue.

Nyirahabimana alimpokea kwa mikono miwili, kama kawaida, na hilo likawa baya zaidi. Akamkaribisha sebuleni. Mumewe, mzee Munyaneza, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kiharusi kilimpiga mwaka wa kabla ya harusi, mkono wa kulia ukalala. Alimpa Zuhura ule wa kushoto.

"Karibu, mama. Wa Nyamirambo hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

Chai ikaja. Maziwa yakasifiwa. Mvua ikazungumzwa. Mwishowe Nyirahabimana akaweka kikombe chake chini.

"Bamwana, swali langu hukulijibu."

Zuhura akatia mkono mkobani, akaigusa dividii mpya. Maneno yalikuwa tayari yamepangwa: programu, bure, virusi. Kabla hajafungua kinywa, Munyaneza akakohoa.

"Mama Kaze, mwache mgeni anywe chai," akasema taratibu. "Kompyuta hizi zina mambo yake. Nasikia ile programu haikununuliwa. Labda iliokota sauti barabarani. Inawezekana, au sivyo, Mama Shema?"

Mlango huo hapo, umefunguliwa, na aliyeufungua ndiye mwenye nyumba. Zuhura alihitaji kusema "ndiyo" tu. Mzee alikuwa akikoroga sukari yake, kijiko kikizunguka kinyume na vijiko vya watu wengine, na jicho la fundi likaliona hilo, likataka kumnong'oneza kitu. Lakini uso wake ulikuwa unawaka, hakusikia.

"Hapana, mzee," akasema. "Programu haina ulimi. Inachoma inachopewa. Ile sauti ni yangu, na kicheko ni changu." Akaitoa dividii mkobani, akaiweka mezani. "Na hii nimekuja nayo ili niwadanganye. Nisameheni. Nimemwaibisha mwanangu, nimemwaibisha Kaze. Mimi mwenyewe sijui nitauweka wapi uso huu."

Nje kuku alikuwa akiparua bati. Nyirahabimana aliichukua ile dividii, akaigeuza upande wa kung'aa, akaigeuza tena, akairudisha mezani bila kuitazama sana.

"Basi swali langu limejibiwa," akasema. "Lakini na wewe uliuliza lako mle ndani, bamwana. Uliuliza kiatu kile kashona nani."

"Bamwana, naomba..."

"Kilinikatikia asubuhi ya harusi, tukiwa tumeshavaa. Uzi ndani ya nyumba ulikuwa mweupe tu."

Zuhura akainamisha kichwa. Macho yake yakaangukia mkono ule wa kushoto juu ya goti la mzee, na kwenye ncha ya kidole gumba akaona alama ndogo ndogo, zile ambazo sindano humwachia mtu asiyeizoea. Mishono iliyolala kinyume ikamrudia yote kwa pamoja.

"Ni mimi, mama," akasema Munyaneza. "Kwa huu uliobaki."