Pembe ya Guylain

Wiki ya tatu baada ya kupasuliwa ngiri, nilikuwa nimelala chali chumbani kwangu Majengo, tumbo limefungwa kitenge cha marehemu mke wangu, huku dada yangu Kasoki akinisimamia ninywe uji wa mtama hadi tone la mwisho. Uji ule hupewa wanawake waliojifungua. Nilikuwa nimekwisha kumwambia hivyo. Alinijibu kwamba tumbo lililofunguliwa ni tumbo lililofunguliwa, na kwamba yeye amewahudumia wazazi wengi kuliko vitabu nilivyosoma.

Kila asubuhi alileta ndoo ya maji ya moto yenye majani ambayo hakutaka kunitajia jina lake. Harufu yake ilikuwa ya zizi la mbuzi baada ya mvua. Alinikanda tumbo, akanipaka siagi ya ng'ombe iliyochacha, akakaza kitenge hadi pumzi ikanipanda kooni. Kwa sehemu ya chini alinikabidhi kitambaa, akageukia ukuta, akaniamuru nibonyeze. Nilibonyeza huku nimefumba macho.

Nilifumba kwa sababu ya uvimbe. Ulikaa chini ya mshono, upande wa kulia, ukishuka kule ambako mwanamume hapendi kitu kishuke. Nilipotoka hospitali ulikuwa kama yai. Baada ya maji ya Kasoki ulikuwa kama parachichi. Sikuwa nimeutazama hata mara moja. Niliujua kwa uzito wake tu, na ulinichukiza kama mgeni aliyeingia kitandani na viatu.

Mimi nilikuwa mtunza bohari. Kifaransa nilikisoma jioni, baada ya kazi, katika darasa lililojaa watu wazima wanaosinzia, na tangu miaka ile sijatoka nyumbani bila suruali iliyopigwa pasi. Sasa suruali yangu ilining'inia msumarini, nami nilizunguka chumbani nimejifunga kitenge kama bibi harusi. Wanashirika wa parokia walikuja kunipa pole. Walikula sambaza wangu, samaki wale wadogo wa ziwani, wakalamba vidole, kisha mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mambo mengine bado yanafanya kazi. Mwingine alitaka kuona. Niliwaombea safari njema.

Daktari aliyenipasua alikuwa ameniambia kwamba uvimbe kidogo unaweza kubaki, na ukinitia wasiwasi nipite kwenye kituo cha afya cha mtaa. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Muuguzi anayepokea wagonjwa kwenye kituo kile ni Pascasie, mke wa mwanangu Luc. Luc mwenyewe alikuwa Butembo na mali yake ya kuuza, akingoja barabara ifunguke. Pascasie ni mtu wa Rutshuru, sisi ni Wanande, na wazee wa kwao na wa kwetu hawakubaliani katika mambo mengi, lakini katika hili wanakubaliana: mke wa mtoto haoni uchi wa baba mkwe wake. Hata kitanda changu hakitandiki. Kwa hiyo kila aliponiuliza hali, akiwa uani, nilimjibu kwamba naendelea vizuri, naye kwa heshima hakuuliza zaidi.

Kasoki alikuwa na maelezo yake. Wamekushona vibaya, alisema, utumbo umetoka tena. Maneno hayo yalinikosesha usingizi kuliko maumivu, kwa maana yalimaanisha kisu tena. Aliposema anamjua mtu wa Birere anayetoa uvimbe kwa pembe, bila kisu cha hospitali, nikakubali.

Guylain alikuja Jumamosi mchana. Alikuwa mchangamfu, mwenye kucha ndefu. Kutoka katika mfuko wa plastiki alitoa pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, na wembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Alieleza kwamba atachanja kidogo juu ya uvimbe, aweke pembe, avute kwa mdomo, na uchafu wote utatoka. Asubuhi hiyohiyo, alisema, alikuwa amempunguzia mama mmoja mguu. Niliitazama pembe. Ukingo wake ulikuwa mweusi, na ndani kulikuwa na kitu kilichokauka.

Nikamuuliza kama ameiosha.

"Muzee, hii pembe haina shida," alisema, akaifuta kwenye paja la suruali yake. "Inajijua."

Akatemea mate viganja vyake, akavisugua, akaniomba nifungue kitenge.

Nilikishika kitenge kwa mikono miwili. Nje, Pascasie alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa unapiga sawasawa, bila haraka. Nikaita jina lake.

Mchi ukanyamaza.

"Karame, papa," aliitika kwa lugha ya kwao. Nikaona miguu yake chini ya pazia la mlango. Ilisimama hapo.

"Usiingie," nikasema. "Kuna mtu hapa na wembe. Anataka kutoboa uvimbe wangu."

"Uvimbe gani, papa?"

Nikamweleza, nikiwa natazama dari. Nilimweleza pia habari ya ndoo. Akamwomba Guylain, kwa adabu, atoke kwanza na vitu vyake.

"Mama infirmière, nyinyi munakula kwa sindano, mie kwa pembe," alisema Guylain. "Kila mutu na kazi yake."

"Kazi yenu sikatai, kaka. Ila pale, hapana."

Kasoki alikuwa amesimama katikati ya chumba na ndoo mkononi. "Kambale, unataka mukwe wako akuone uchi? Afazali ufe na heshima yako."

"Nitakufa na heshima siku nyingine," nikasema. "Na pembe ile, sitaki."

Wakatoka wote wawili. Miguu ya Pascasie haikusogea. Nilimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua.

"Papa, mulale chali. Mufungue kitenge. Muangalie."

"Niangalie nini?"

"Kile kitu. Mimi sitaangalia, basi muangalie nyinyi, muniambie."

Nikafungua. Nikatazama. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, ya zambarau huku na ya manjano kule, imepakwa siagi iliyoganda kama mafuta ya nyama kwenye sufuria baridi. Vipande vya majani vilikuwa vimenasa kwenye nywele. Juu yake kitenge kilikuwa kimeacha mistari. Sijawahi kuona kitu kibaya namna ile, na kilikuwa changu.

Aliniuliza kama ngozi ni nyekundu, kama inachoma, kama mshono unatoa usaha. Nilijibu kwa usahihi niliouweza: wekundu ulikuwa kwenye mistari ya kitenge tu, mshono ulikuwa mkavu, joto halikuwapo. Aliniuliza kama nina homa, kama nimetapika. Kisha akaniuliza kama napata choo. Kuulizwa hilo na mke wa Luc! Niliujibu ukuta kwamba ndiyo.

"Sasa muweke vidole juu yake, mukohoe."

Nikaweka vidole. Ilikuwa kama kushika chura. Nikakohoa.

"Inasukuma vidole?"

"Hapana."

"Tena, papa. Kwa nguvu."

Nilikohoa hadi jirani akazima redio. Hakuna kilichosukuma. Akaniambia nibonyeze polepole, nione kama kinarudi ndani. Hakikurudi. Kilichezacheza tu, kama maji ndani ya mfuko wa plastiki, na nikamwambia hivyo hivyo.

Nikasikia pumzi ikimtoka.

"Basi inaonekana ni maji, papa. Utumbo ungesukuma. Pale ngiri ilikuwa inakaa, maji imeingia. Itapunguka yenyewe, wiki kwa wiki, pengine miezi. Maji ya moto muache. Na mutu akitoboa, uchafu unaingia, ndiyo kisu kinarudi." Kisha akaongeza: "Ntirenganya, mwenzangu wa kituo, ni mwanaume. Jumatatu atashika, tuwe na hakika."

Nilijifunika. Nje Kasoki alikuwa amekasirika. Alimwaga ndoo yote kwenye mawe ya uani na kumpa Guylain uji wangu uliobaki jikoni. Guylain aliumaliza, akausifu.

Jumatatu, kituoni, Ntirenganya alishika, mikono yake ikinuka karanga, akasema maneno yaleyale. Muda wote Pascasie alikuwa chumba cha pili, akihesabu vidonge kwa sauti ili nijue yuko wapi. Alininunulia chupi ya kubana, akaiacha mlangoni imefungwa kwenye karatasi. Ni ya rangi ya machungwa. Huivaa chini ya kitenge, na hakuna anayejua.

Uvimbe bado uko. Kila asubuhi miguu ya Pascasie husimama chini ya pazia kabla hajaenda kazini.

"Imepunguka, papa?"

Nainua shuka, natazama, nasema kweli.

"Kidogo sana. Ila leo nakunywa chai uani. Niletee pasi."