Risasi Kumi kwa Kila Mtu

Marlys alianza kuhesabu magari kabla umande haujakauka, amembeba mwanawe Josie kiunoni. Thelathini. Hilo ndilo neno la Delbert Kuiper, mwenye shamba: wapigaji shabaha wasipotimia thelathini leo, Jumatatu anaingiza plau, anapanda mahindi, na uwanja umekwisha.

Miaka arobaini na mmoja Orrin, baba yake Marlys, alikuwa akiwakusanya watu hapo na bunduki zao za marisau, zile za mababu zenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu, wavunje visahani vya udongo angani. Sasa mikono yake ilitetemeka hata kahawa haikutulia kikombeni. Kazi ikamwangukia binti. Alibandika matangazo katika kila duka la chambo na kila kinyozi wa kaunti tatu, na watu wakaja! Kufika saa nne asubuhi walikuwa thelathini na mmoja.

Orrin akaokota risasi moja mezani, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, hii ya dukani."

"Wamekuja nazo wenyewe, baba."

"Wote?"

Marlys akakumbuka. Tangazo! Kila mwaka mstari wa mwisho ulisema: msilete risasi, mtapewa hapa. Bunduki hizi chuma chake kimechoka. Baruti kali ya siku hizi huupasua mtutu mkononi mwa mtu. Na mstari ule Marlys aliufuta mwenyewe, ili picha ipate nafasi.

Garini mwa Orrin mlikuwa na maboksi kumi na mawili ya risasi za baruti ya upole, alizojaza kwa mkono wakati wa baridi kabla mikono haijamsaliti. Risasi mia tatu basi. Na kila mtu alikuja kupiga hamsini.

Delbert alikuwa ameketi nyuma ya pikapu yake, anakula donati. "Vipi, Marlys? Mbona kimya?"

Angeweza kunyamaza. Pengine bunduki zisingepasuka. Akamtazama Josie, vizuia-kelele vimemfunika masikio hadi mashavuni, akaona aibu hata kwa kuwaza. Akapanda juu ya trela.

"Hakuna atakayepiga risasi ya dukani hapa! Kosa ni langu, si lenu. Ninazo kama kumi kwa kila mtu. Hamsini sina."

"Kumi?" akapayuka Rollie, jitu la ndevu nyekundu. "Dada, nimeendesha saa tatu nzima! Kumi hata bega halijui kama nimetoka nyumbani!"

"Kwa jinsi unavyolenga, Rollie," akadakia mwenzake, "kumi ni huruma kwa ndege wanaopita."

Wakacheka. Lakini watatu walifunga bunduki zao, wakaondoka bila kuaga. Ishirini na wanane. Marlys akawasindikiza kwa macho.

Waliobaki walipokwisha kupiga kumi zao, akampa Rollie mtoto, akachukua bunduki ya baba yake. Alipiga zote kumi, akavunja visahani vinne. Ishirini na tisa. Kisha akageuka.

"Baba."

"Usinitie aibu mbele za watu, Marlys."

"Nitakushika."

Mzee akasimama. Marlys akaweka kiganja chini ya mitutu, akahisi mtetemo ule wote ukimwingia mkononi. "Vuta!" Orrin akaita. Kisahani kikaruka, kikapita salama. Cha pili, cha tatu. Hakuna aliyecheka. Cha kumi kikaangukia majani kikiwa kizima.

Delbert akaramba sukari vidoleni. "Hajavunja hata kimoja."

"Tulikubaliana wapige, Bwana Kuiper," Marlys akasema. "Kuvunja hatukutaja."

Delbert akamtazama Orrin. "Ni kweli, hatukutaja," akasema, akapanda pikapu. "Mahindi yatakwenda ng'ambo ya kijito. Ila mwakani, binti, tangazo niletee nilisome kwanza."

Orrin alikuwa amekwisha kuketi, anapapasa boksi tupu.

"Zimebaki?"

"Hata moja, baba."

"Basi Jumatatu uje nikufundishe kujaza."